Sekunde Saba za Kuvuka

Kumvusha salama mtoto wa shule jijini Nairobi huanza kwa kupima mwendo wa magari. Chukua chaki, utepe wa kupimia na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Pima mita 50 kando ya lami karibu na lango la shule, chora mstari mwanzo na mwisho, kisha ujibanze mahali ambapo madereva hawatakutilia maanani. Wakikuona umevaa reflekta na kushika karatasi, watakupa heshima ya dakika mbili halafu warudi kwenye mwendo wao. Gari likikanyaga mstari wa kwanza bonyeza, likikanyaga wa pili bonyeza tena. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 3.6 ni kilomita 50. Sekunde 2.5 ni kilomita 72, na mwendo huo huonekana hasa saa kumi na mbili unusu asubuhi, matatu zikiwahi kabla foleni ya kwenda mjini haijafunga.

Andika magari 100 yanayokwenda huru. Yaliyobanwa kwenye foleni yaache, hayakwambii lolote. Yapange kutoka la polepole hadi la kasi, kisha utazame la 85. Mwendo huo ndio wa kumpelekea mhandisi, maana yeye mwenyewe hupanga barabara kwa kipimo hicho. Ukimpelekea wastani, madereva wastaarabu watakuwa wamewafunika wale wengine.

Sasa mweke mtoto kwenye hesabu hiyo. Mtoto wa gredi ya 1 mwenye begi mgongoni hutembea takriban mita 1 kwa sekunde. Barabara ya leni mbili ina upana wa mita 7 hivi, kwa hivyo kuvuka ni sekunde saba. Ndani ya sekunde hizo gari la kilomita 50 kwa saa limekwenda mita 97, la kilomita 30 limekwenda mita 58. Ili avuke bila kutegemea huruma ya dereva, mtoto anahitaji karibu mita 100 za lami tupu kila upande, zisizo na lori lililoegeshwa, kibanda, wala kona. Pita Kayole, Kawangware au Juja Road uhesabu ni malango mangapi yana bahati hiyo.

Kisha hesabu magari. Barabara inayopitisha magari 600 kwa saa, idadi ya kawaida tu kwa Nairobi asubuhi, ina gari moja kila sekunde 6. Nafasi ya sekunde saba hupatikana magari yakija kwa mafungu, basi. Mtoto anasubiri, anasubiri, kengele inalia ng'ambo, anachomoka. Watu wazima husema watoto hawana subira, lakini mtu mzima akiwekwa pale na mwalimu wa zamu amesimama langoni na kiboko cha macho, naye angechomoka.

Mafunzo ya darasani, yale ya tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, ni mazuri na yaendelee. Ila mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi bado hawezi kukadiria vizuri gari linakuja kwa kasi gani. Anaona gari liko mbali, akili yake inasema mbali ni salama. Huwezi kumkemea mpaka ubongo ukomae. Kinachobadilika haraka ni lami.

Chukua mtoto anayetokeza ghafla mita 15 mbele ya gari. Dereva hutumia kama sekunde moja kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki. Kwa kilomita 50, sekunde hiyo peke yake imekula mita 14, na gari linahitaji mita 14 nyingine kusimama kwenye lami kavu na matairi mazuri. Yaani anamfikia mtoto breki ndiyo kwanza imeguswa, kasi ikiwa karibu ile ile. Kwa kilomita 30 anatumia mita 8 kushtuka na 5 kusimama, jumla 13, na mtoto anabaki na mita 2. Ndiyo maana kilomita 30 inatajwa kila mahali. Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani liliitaka kwa barabara ambapo watu wa miguu na magari huchanganyika. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaruhusu 50 ndani ya miji, na kibao cha 30 huwekwa na mamlaka ya barabara. Shule ikijichorea chake kwenye bati, ni pambo.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuweka kivukio mbele ya lango kwa sababu lango liko pale. Watoto hawatoki langoni, wanatoka nyumbani. Kabla ya chochote kuchorwa, nenda darasa kwa darasa, waambie wainue mikono: nani anakuja kwa miguu, nani kwa bodaboda, nani kwa matatu, nani anavuka barabara kubwa bila mtu mzima. Halafu wape gredi ya 5 na 6 karatasi wachore njia zao. Utagundua kwamba nusu ya shule inapenya kichochoro kimoja kati ya ploti mbili na kutokea mita 80 chini ya lango, kwenye kona, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Hapo ndipo pa kuweka kivukio, au kama kona haifai, hapo ndipo pa kuweka ua wa kuwaelekeza mpaka mahali panapofaa. Ua ukizidi mita 30 au 40, watoto wataupanda au mtu atatoboa tundu, hilo lisikutie hasira. Madaraja ya wapita njia ya Thika Road na Outer Ring Road yana somo hilo hilo: mtu wa miguu hulinganisha ngazi zote zile na mita chache za lami, akachagua lami. Kwenye barabara kuu ya leni nane daraja halina mbadala. Kwenye barabara ya mtaa ni njia ya kumwondoa mtoto ili gari lipite, na mtoto hataondoka.

Halafu kuna suala la kuonekana. Mtoto wa PP1, yaani wa chekechea, ana kimo cha mita 1 na kidogo. Boneti ya pikapu inamfunika. Meza ya mama mboga yenye sukumawiki na nyanya zilizopangwa kwa mnara inamfunika kabisa. Piga magoti kandokando ya lami, jicho lako likiwa kimo cha mita 1, utazame upande magari yanakotokea. Usichokiona wewe, naye hakioni, na dereva hamwoni. Futa kila kitu mita 10 kabla ya kivukio, kwanza magari yaliyoegeshwa. Kwa mama mboga usiende na askari wa kaunti. Nenda na mita 10 zilizopimwa kwa chaki, umwonyeshe kwamba anachohitaji ni kusogea upande wa pili wa kivukio, na kwamba wateja watapita hapo hapo. Wengi husogea siku hiyo hiyo.

Steji ya matatu ni hivyo hivyo: iwe baada ya kivukio, isiwe kabla. Matatu ikisimama kabla ya zebra, mtoto hupita mbele ya pua yake, na ile inayoovalapu upande wa kulia haimwoni mpaka amefika katikati. Kwenye barabara ya leni mbili kila upande hatari ni hiyo hiyo hata bila steji: gari la leni ya kwanza linasimama kwa adabu, linamwashia taa apite, na adabu hiyo inamwingiza kwenye leni ya pili ambako hakuna aliyesimama. Mtoto afundishwe kusimama tena kwenye ukingo wa gari lililompisha na kuchungulia.

Na zebra isiyo na tuta ni mtego. Tunalisema hili tukijua litawaudhi wafadhili, maana rangi ni rahisi na hupendeza kwenye picha. Mistari myeupe humpa mtoto imani, haimpi dereva sababu ya kupunguza mwendo.

Tuta linalofaa kuvukia ni lile la bapa, zebra ikichorwa juu yake. Kimo chake kutoka lami kiwe sentimita 10. Sehemu ya juu iwe na upana wa mita 3 kufuata barabara, na mteremko wa mita 1 kila upande, yaani sentimita 10 kwa kila mita. Kwa barabara ya mita 7 hiyo ni zege au lami ya mita za ujazo 2.8, iwapo litafika kingo zote mbili. Tuta la kawaida lenye mgongo wa mviringo, lisilo la kuvukia, lina urefu wa mita 3.7 hivi kufuata barabara na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Mawili kati ya hayo, moja kila upande kiasi cha mita 60 hadi 100 kutoka kivukioni, hufanya gari lifike tayari limetulia. Zege linahitaji angalau siku 7 kabla ya magari kulikanyaga, kwa hivyo panga kazi iwe likizo ya Aprili, Agosti au mwisho wa mwaka. Lami hufunguliwa siku hiyo hiyo.

Matuta ya wananchi ni kitu kingine. Mtoto akigongwa, jioni hiyo vijana wanabeba mawe, udongo na saruji mfuko mmoja, kufikia asubuhi kuna kigongo cha sentimita 20, chembamba, hakina rangi wala kibao. Uchungu wao unaeleweka. Lakini kigongo hicho usiku humwangusha mwenye bodaboda na abiria wake, huvunja springi za matatu, gari la wagonjwa linasimama kabisa, na mwezi hauishi kabla mamlaka haijaleta greda kukifagia. Baada ya hapo kupata tuta halali huwa kugumu zaidi, kwa sababu faili la mahali pale limeshaandikwa ugomvi.

Maji nayo yana haki yake. Tuta lililofungwa ukingo hadi ukingo huwa bwawa mvua ya Machi hadi Mei, na bwawa huwasukuma watoto katikati ya barabara. Acha upenyo wa sentimita 20 hadi 30 kila upande au laza bomba chini yake. Ukiacha upenyo, bodaboda wataugundua kabla rangi haijakauka. Watapita kandokando bila kugusa tuta, na ukingo huo ndipo watoto wanaposubiri. Weka nguzo fupi ya zege mdomoni mwa upenyo. Kwenye njia ya miguu, nguzo zilizoachana mita 1.2 huzuia gari na kupitisha kiti cha magurudumu, lakini usijidanganye kwamba zinazuia pikipiki: usukani wake una upana wa sentimita 80 hivi, na nafasi inayompitisha mwenye kiti humpitisha yeye pia. Bodaboda hazuiliwi na nguzo, huzuiliwa na mwenyekiti wa steji yake.

Mwenyekiti huyo mtafute mapema, naye asiitwe ofisini kwa mwalimu mkuu kama mshtakiwa. Mwendee steji. Mambo matatu hukubalika bila vita: kushusha watoto mahali palipochaguliwa angalau mita 50 kutoka lango, kutopita njia ya miguu saa za shule, na kubeba abiria mmoja. Hilo la tatu ni sheria tayari, lakini kila asubuhi utaona watoto watatu wamepangwa kama mikate kati ya dereva na tanki, kwa sababu mzazi mwenyewe ndiye aliyepatana bei ya watatu. Kwa hivyo mazungumzo hayo yana wahusika wawili, na mkutano wa wazazi ndio mahali pa kumpata wa pili.

Lango lenyewe husahaulika, na marekebisho yake ni ya bei nafuu kuliko yote. Basi la shule, magari ya wazazi na watoto wa miguu wakitumia lango moja, hatari kubwa ni gari linalorudi nyuma. Weka kanuni moja: hakuna kurudi nyuma ndani ya eneo la lango wakati watoto wanaingia au kutoka, gari lizunguke au lisubiri. Kisha mwite fundi wa kuchomelea afungue mlango mdogo wa watu wa miguu kwenye ukuta unaotazama kichochoro, mbali na barabara kubwa. Upana wa mita 1.5 unatosha. Kuna shule ambapo mlango kama huo unawaondolea mamia ya watoto haja ya kuvuka, na hauhitaji barua hata moja.

Tazama pia saa. Nairobi jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, ikitegemea mwezi. Masomo rasmi ya shule za kutwa huanza saa mbili. Mtoto anayetakiwa darasani saa kumi na mbili na nusu anatembea gizani akiwa na sweta ya rangi nyeusi au ya samawati iliyokoza, na hakuna mhandisi wa kumsaidia hapo. Anayeweza ni bodi ya shule, kwa kuisogeza ratiba. Saa saba mchana ni hatari nyingine isiyo na mlinzi: wanaokula nyumbani huvuka mara mbili zaidi. Mpango wa Dishi na County wa Kaunti ya Nairobi, ulioanza 2023 kwa chakula cha shilingi 5, ulikusudiwa kuondoa njaa, lakini mtoto anayekula shuleni havuki barabara saa saba.

Mlinzi wa kuvusha ni msaada mkubwa akifanya kazi ipasavyo. Husimama ukingoni, watoto wakiwa kundi hatua mbili nyuma yake. Husubiri nafasi, haitengenezi kwa kujirusha mbele ya gari. Huingia yeye kwanza na kibao cha SIMAMA kinachosomeka pande zote mbili, mkono wa pili ameunyoosha, hukaza macho kwa dereva mpaka magurudumu yasimame kwenye kila leni, ndipo hupuliza filimbi. Hubaki katikati mpaka mtoto wa mwisho akanyage ukingo wa pili. Hapungii magari yapite kamwe. Kazi hiyo ni ya polisi wa trafiki, na dereva akipungiwa na watu wawili humtii anayempendeza. Yanayoharibika ni mawili. Anaanza kusimamisha magari kwa mtoto mmoja mmoja, madereva wanachoka, kufikia wiki ya tatu wanampita. Au hana malipo, na muhula haujaisha hayupo. Anayedumu mara nyingi ni yule ambaye riziki yake iko pale tayari, muuza mahamri au fundi wa viatu, akilipwa posho ndogo na bodi kila Ijumaa bila kukumbushwa.

Pasipo na mlinzi, msafara wa miguu hufaa sana kwa watoto wadogo. Mtu mzima mmoja kwa watoto 3 wa umri wa miaka minne hadi sita, au kwa 6 wa saba hadi tisa. Wa mbele na wa nyuma wavae reflekta, na kamba yenye vifundo humpa kila mtoto mahali pa kushika. Mukuru, wazazi wengi huondoka alfajiri kwa miguu kwenda Viwandani. Njia zao na za watoto hufuatana mpaka mahali fulani, na hapo ndipo pa kupangia zamu.

Tukija kwenye karatasi: barua huzama kwa sababu imepelekwa kwa asiye mwenye barabara. Barabara kuu za kitaifa ni za mamlaka ya KeNHA, nyingi kubwa za mjini ni za mamlaka ya KURA, za mitaani ni za kaunti. Uliza kabla ya kuandika. Barua iwe ya mwalimu mkuu na bodi, nakala kwa mwakilishi wadi, chifu na mkuu wa trafiki wa eneo, na iombe kitu kimoja tu. Ambatisha mchoro wenye vipimo, ule mwendo wa gari la 85, idadi ya watoto wanaovuka kila dakika 15, na picha iliyopigwa ukiwa umepiga magoti. Ukinyamaziwa, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuuliza kwa maandishi ombi limefika wapi, na ofisi ina siku 21 za kujibu.

Wakati wa kuomba pia una kalenda, na wengi huikosa kwa kuomba kwa kilio cha Januari. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa kaunti huwasilishwa kufikia Septemba 1 kwa ajili ya mwaka unaofuata, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Tuta lisilotajwa kwenye mpango wa Septemba huwa ombi la hisani mwaka mzima. Nendeni kwenye vikao vya umma vya wadi mkiwa wazazi kumi wenye karatasi moja, msiende wazazi mia wenye maneno mia.

Dar es Salaam shirika la Amend limefanya kazi ya namna hii lango kwa lango, kwa njia za miguu, matuta, vivukio na malango yaliyosogezwa, hadi kushinda tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Mle hamna mtambo wa ajabu. Ni zege, rangi na kupima.

Rangi basi. Zebra ya mita 7 huchukua mistari 7 ya upana wa sentimita 50, ikiachana sentimita 50, urefu wa mita 3 kila mmoja: eneo la mita za mraba 10.5. Rangi ya kawaida ya barabara, ikipakwa mara mbili, ni lita 10 hivi, na chembe za kioo kilo 4 zinazonyunyizwa rangi ikiwa bado mbichi. Fundi akiziacha chembe, mchana zebra ni nyeupe na usiku haipo, kwa sababu chembe hizo ndizo zinazorudisha mwanga wa taa kwa dereva. Themoplastiki, yaani rangi ya plastiki inayoyeyushwa kwa moto, ya unene wa milimita 3 huhitaji kilo 60 na ushee, hudumu zaidi, lakini lami ikiwa na vumbi au unyevu inabanduka kama ganda la yai. Fagieni, osheni, subirini ikauke kabisa, hata kama wenye mtambo wanatazama saa. Vibao vya chuma huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa hivyo chomelea boliti na umwagie zege kwenye shina.

Wiki ya pili baada ya kazi rudi na ile chaki, kwenye mistari ile ile ya mita 50, saa ile ile, magari 100. Rudi tena mwezi wa tatu, madereva wakishalizoea tuta, kisha siku moja mvua ikinyesha, uone watoto wanapita wapi maji yakijaa.